Kuona na Kuonana Safarini



Wahenga walisema, tembea uone. Hawakutuambia tutembee na nani, wala tufanye nini mwenzetu anapochoka kabla hatujamaliza kuona. Hilo walituachia wenyewe. Leo katika ukurasa wetu ningependa tulifikirie, na mfano tutakaoutumia ni safari ya familia katika miji ya kale ya Italia.

Huenda msomaji akauliza, "Mimi niliye Bungoma au Nyahururu, Italia inanihusu nini?" Inatuhusu. Wamisionari wa Consolata waliotoka Torino walifika nchini kwetu mwaka 1902, na wengi wetu tulibatizwa katika parokia zilizoanzishwa na mapadre Waitaliano. Wako Wakenya wanaoishi na kufanya kazi huko, na wako wanaokwenda kuhiji. Zaidi ya hayo, nchi ile ina vitu vingi vya kutazama vilivyosongamana mahali pamoja, hata swali letu hujitokeza huko waziwazi kuliko kwingine. Anayelielewa huko atalitambua pia hapa nyumbani.

Basi tuchukue mfano. Mume, mke, binti yao wa miaka 15 na kijana wao wa miaka 9 wako Florence. Kesho asubuhi wanaondoka. Mbele yao ni kanisa kuu lenye kuba la matofali lililojengwa na Filippo Brunelleschi kati ya mwaka 1420 na 1436. Kulifikia kileleni ni kupanda vidato 463 katika njia nyembamba, na lifti hakuna. Tikiti hukatwa mapema kwa saa maalumu, nao wamekwisha kuzilipia. Lakini baada ya siku tano za kutembea juu ya barabara za mawe, goti la mama limevimba. Baba anatazama saa yake. Mama anasema, "Baba watoto, nendeni tu, mimi nitawangoja hapa chini." Baba ameyasikia maneno, ila uso uliokuwa ukiyasema hakuutazama.

Je, afanye nini? Apande au abaki?

KITU ADIMU NA MTU WA KILA SIKU

Wako watakaojibu upesi kwamba apande. Tikiti imelipwa, nauli imekula akiba ya miaka, Florence hatarudi tena, na mke mwenyewe ameruhusu. Wako pia watakaojibu upesi kwamba abaki, kwa maana mume anayemwacha mkewe chini ili akatazame matofali hana mapenzi. Nawaomba msikimbilie jibu lolote kati ya hayo mawili. Tulitazame kwanza lile linalomvuta baba juu.

Binadamu hukithamini kitu kilicho adimu. Kuba lile ataliona mara moja tu maishani, na mkewe humwona kila siku. Kwa hesabu hiyo, dakika moja ya kuba ina thamani kuliko dakika moja ya mke. Hesabu hiyo inaonekana kuwa ya haki, na ndiyo maana inadanganya watu wengi wazuri. Mazoea ndiyo yanayotufanya tumwone mtu wa kila siku kuwa si adimu.

Tuipige hesabu hiyo upya. Kuba limesimama tangu mwaka 1436, na Mungu akipenda litakuwapo wajukuu wetu watakapokuwa wazee. Lakini kijana yule wa miaka 9 atakuwa wa miaka 9 kwa mwaka mmoja tu. Binti wa miaka 15 baada ya miaka michache atakuwa na safari zake na watu wake. Na mama huyu, jinsi alivyo leo, na goti lake na kicheko chake, hatakuwa hivi tena baada ya miaka kumi. Sasa kilicho adimu ni kipi? Kati ya vitu vyote vilivyoko katika uwanja ule, vinavyopita upesi kuliko vyote ni wale watu wanne.

Sisemi kwamba kuona hakuna maana. Mungu ametupa macho, na wale waliojenga makanisa yale walitaka tuinue vichwa na kushangaa. Nasema kwamba katika familia kuna kuona na kuna kuonana, na anayekiacha cha pili kwa ajili ya cha kwanza atarudi nyumbani na picha nyingi na mwenzake mgeni.

MINARA YA KUSHINDANA

Si mbali na Florence, juu ya kilima, uko mji mdogo uitwao San Gimignano. Zamani familia tajiri za mji huo zilijenga minara ya mawe ili kila moja ionyeshe kwamba inaizidi jirani yake. Husemwa kwamba ilifika minara 72. Ikabidi utawala wa mji upige marufuku mtu binafsi kujenga mnara unaozidi ule wa mji. Leo imebaki 14 tu, na wageni huja kuipiga picha.

Wanandoa wanaweza kusafiri kwa roho ileile ya minara. Mmoja anahesabu miji: leo tumefanya miwili, kesho tufanye mitatu. Mwingine anahesabu makosa: wewe ndiwe uliyeshika ramani, wewe ndiwe uliyetupoteza. Katika miji mingi ya kale ya Italia gari la mgeni haliruhusiwi kuingia katikati. Kamera hunasa namba ya gari, na faini humfuata aliyelikodi hata akiwa amekwisha kurudi kwao. Ndoa ngapi zimegombana mbele ya kibao cha barabarani kilichoandikwa kwa lugha ambayo wote wawili hawaijui! Faini italipwa mara moja. Lakini neno la dharau lililosemwa mbele ya watoto ndani ya gari watoto hao wataondoka nalo, na huenda wakalikumbuka kuliko mnara wowote.

KISIMA CHENYE NGAZI MBILI

Sasa turudi kwa baba yetu chini ya kuba. Je, mapenzi yanadai kwamba wanandoa wawe bega kwa bega kila saa, asiende mmoja asikokwenda mwingine? Kuna wanaofundisha hivyo. Mimi sikubaliani nao, na ninayo sababu, ambayo nitaieleza kwa mfano wa kisima.

Katikati ya Roma na Florence uko mji wa Orvieto, uliojengwa juu ya mwamba mkubwa. Mwaka 1527 Roma ilivamiwa na kuporwa na wanajeshi, na Papa Klementi wa VII akakimbilia huko. Kwa kuhofia kwamba mji ungeweza kuzingirwa na kukosa maji, aliagiza kisima kichimbwe. Fundi Antonio da Sangallo alikijenga kwa ustadi wa ajabu, nacho kikakamilika mwaka 1537. Kina chake ni zaidi ya meta 50. Kina ngazi mbili zinazozunguka, moja ya kushukia na moja ya kupandia, kila moja yenye vidato 248, nazo hazikutani njiani, ili wanyama wanaoteka maji wasizuiane. Lakini ukutani kuna madirisha 70 yanayoelekea katikati. Anayeshuka na anayepanda hawapiti njia moja, ila kupitia madirisha hayo wanaweza kuonana, na wote wawili wanayafuata maji yaleyale.

Ndivyo ilivyo kwa mume na mke. Si lazima wapite ngazi moja kila saa. Mmoja anapenda michoro, mwingine anapenda soko. Mmoja ana miguu ya kupanda, mwingine amechoka. Kutengana kwa saa moja hakuvunji ndoa. Kinachoivunja ni kutengana kusiko na dirisha. Anayekwenda amtazame anayebaki kabla hajaenda, aseme atarudi saa ngapi, na arudi saa hiyo. Akirudi asimwonyeshe picha tu. Aketi na kumsimulia alichokiona, aulize pia mwenzake ameona nini pale chini alipokaa. Mara nyingi aliyekaa kwenye benchi ameona watu wakiishi, na aliyepanda ameona paa za nyumba.

WAJIBU WA ANAYEBAKI

Tumezungumza sana juu ya baba. Tuzungumze sasa juu ya mama, maana yeye naye ana wajibu. Alisema, "Nendeni tu." Je, alimaanisha hivyo?

Kuna "nenda" inayotoka moyoni, na kuna "nenda" ambayo ni mtihani. Ya pili ina hatari. Mume akiichukua kwa neno lake na kupanda, mke ataiweka moyoni kama deni, na deni hilo litadaiwa miaka mitatu baadaye, jikoni, katika ugomvi usiohusu Italia hata kidogo. Sadaka ni sadaka ikitolewa kwa uhuru na kwa ukweli. Inayotolewa kwa kinyongo ni mkopo, na riba yake ni kubwa. Basi kama mama anataka mumewe abaki, aseme, "Leo ningependa ukae nami." Hiyo si aibu wala si ubinafsi. Ni kumpa mwenzake nafasi ya kuchagua akijua anachagua nini. Na kama kweli anataka aende, amwache aende kwa furaha, na baba apande bila hatia.

Mnaona sasa kwamba jibu la swali letu halimo katika kupanda wala katika kubaki. Baba yule anaweza kupanda akiwa mume mwema, na anaweza kubaki akiwa mume mbaya, amenuna na kuhesabu alichokosa. Haki ya jambo hili inakaa katika ile dakika moja iliyo kabla ya uamuzi, anapoiacha saa yake, anamgeukia mkewe na kuuliza, "Goti linakuumaje?" Waonane kwanza. Kuona kutafuata.

WATOTO NAO WANA MACHO

Wazazi wengi hupanga safari kama somo la darasani. Wamesoma kwamba Assisi kuna Basilika la Mtakatifu Fransisko, lililoanza kujengwa mwaka 1228, na kuta zake zimejaa michoro ya mafundi mashuhuri. Wanamvuta binti yao kutoka mchoro hadi mchoro, naye anapiga miayo. Kisha katika mji huohuo wanaingia kanisa lingine, na ghafula binti anasimama tuli. Ni kaburi la Carlo Acutis, kijana aliyekufa kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Amelazwa pale amevaa suruali ya jinzi na viatu vya michezo. Binti wa miaka 15 anavitazama viatu vile, kisha anavitazama vyake.

Baba anasema, "Haya twende, tumechelewa." Tumechelewa wapi? Kama safari nzima ilikuwa na maana kwa mtoto huyo, maana yenyewe imefika sasa hivi, na haikuwa kwenye ratiba. Mzazi mwenye busara hunyamaza, husimama pembeni, na hungoja. Atakuja kuulizwa swali usiku ule, na swali hilo ni zawadi ambayo hakuna aliyeweza kuipangia saa.

Tukumbuke kwamba hata Familia Takatifu ilisafiri kwenda mji mkuu wenye hekalu mashuhuri, na katika msongamano wa kurudi wakampoteza mtoto. Walitembea mwendo wa siku nzima kila mmoja akidhani yuko pamoja na ndugu na majirani. Mwinjili Luka hatuambii kwamba Yosefu alimlaumu Maria, au Maria alimlaumu Yosefu. Anatuambia kwamba walirudi wote wawili kumtafuta, na walipompata, mama alimtaja baba pamoja naye katika uchungu ule. Nani kati yetu, mtoto akipotea katika kituo cha treni cha Roma, angeanza na neno la kuwaunganisha kabla ya neno la kulaumu?

"LAKINI TUMELIPA"

Kuna pingamizi moja ambalo si la kudharauliwa. Safari kama hii ni ya gharama kubwa. Kuketi tu, je, si kupoteza fedha ambazo zingesomesha mtoto?

Nitajibu hivi. Katika mikahawa mingi ya Italia, kahawa unayoinywa umesimama kaunta ni ya bei nafuu kuliko ileile ukiletewa mezani. Baba mwangalifu huona hilo na kusema, "Tunyweni hapahapa tumesimama." Kwa siku nyingi ana haki. Lakini mama mwenye goti lililovimba hanunui kahawa, ananunua kiti. Na watoto wake wananunua nusu saa ya mama asiye na maumivu. Fedha iliyolipwa ili familia ikae pamoja imefanya kazi iliyoletewa. Iliyopotea ni ile iliyolipwa kwa tikiti ya mahali ambapo wanne waliingia wakiwa hawasemezani.

Wenyeji wenyewe wanatufundisha. Katika miji midogo, maduka na makanisa mengi hufungwa adhuhuri hadi alasiri. Wageni wenye haraka hukasirika na kugonga milango. Wenyeji wako nyumbani, wanakula. Familia iliyo safarini ikiyakubali masaa hayo, ikatafuta kivuli, mkate na matunda, itapata kila siku saa mbili au tatu za kuzungumza ambazo pengine hapa kwetu, kwa sababu ya kazi na magari ya jioni, haizipati kwa wiki nzima.

Huko Padua, ambako familia yetu inaelekea kesho, kuna kanisa dogo liitwalo Scrovegni, ambalo Giotto alilipamba kwa michoro na likatabarukiwa mwaka 1305. Ili unyevu na vumbi visiiharibu michoro, wageni huingia wachache kwa zamu. Huketishwa kwanza katika chumba cha nje kwa dakika 15, kisha huruhusiwa kukaa ndani kwa dakika 15 hivi. Michoro ni mingi mno kwa muda huo. Nashauri kila mmoja achague mchoro mmoja tu, autazame vizuri, kisha jioni awaeleze wenzake kwa nini aliuchagua. Wanandoa wasiache kuwatafuta Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria kadiri ya mapokeo. Yoakimu alikuwa ameondoka kwa huzuni ya kukosa mtoto, akakaa na wachungaji. Giotto amewachora siku waliyokutana tena langoni mwa mji, si vijana tena, nyuso zao zimegusana, na Ana ameushika uso wa mumewe kwa mikono yake. Nyuma yao kuna lango kubwa na watu wanaotazama. Wao wawili wanatazamana.

KUACHA VINGINE BILA KUVIONA

Mwisho, tujifunze kuacha. Watu wa Siena mwaka 1339 waliamua kulipanua kanisa lao kuu, hata lile lililokuwapo lingekuwa bawa tu la jipya. Walianza kujenga. Mwaka 1348 ikaja tauni ikaua watu wengi mno, na kazi ikakoma. Ukuta mmoja mkubwa wa mradi ule ungali umesimama hadi leo peke yake. Kanisa lile la awali, ambalo waliliona dogo, ndilo walilobaki nalo wakasalia humo, na wageni huvuka bahari kuja kulitazama.

Familia nayo haitamaliza Italia, wala haitamaliza mahali popote. Kitakachobaki hakijaonwa ni kingi kuliko kilichoonwa, hata ukikimbia. Basi heri kubaki na kidogo mlichokitazama pamoja.

Na mkirudi Roma kabla ya kupanda ndege, kama magoti yanaruhusu, nendeni katika jumba la makumbusho la Villa Giulia. Kuna jeneza la udongo wa kuchoma la Waetruski, watu waliokaa nchi ile kabla ya ufalme wa Roma kuenea, nalo lina umri wa miaka zaidi ya 2500. Liligunduliwa Cerveteri katika karne ya 19 likiwa limevunjika vipande mamia, likaunganishwa upya. Juu yake wameegemea mume na mke kama walio karamuni, mkono wa mume uko begani mwa mke, wanatabasamu. Mikono yao imekaa kana kwamba ilishika vitu fulani, lakini vitu hivyo havipo tena. Wao wapo, pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Mara ya mwisho tuliposafiri pamoja, hata kama ilikuwa ni kwenda arusini kijiji cha pili, nani alimngoja nani? Je, alishukuriwa?

2. Je, mimi husema "nenda tu" nikiwa namaanisha "kaa nami"? Ni nini kinanizuia kusema ukweli?

3. Mtoto wetu hupenda kusimama na kutazama nini, ambapo sisi humwambia twende?

4. Tukipata siku moja tu ya kutembea pamoja mwaka huu, tutapunguza nini ili tupate nafasi ya kuketi?

Zungumzeni taratibu, mmoja akisema mwingine asikate neno. Mungu azibariki safari zenu.